Mguu Usiochakaa

Karakana, 9 Februari

Kaka Mtafiti,

Nakuita kaka kwa sababu barua ya Mfuko wa ruzuku imetuita "washirika", na neno hilo linanikaa mdomoni kama meno ya kuazima. Kaka ni rahisi zaidi. Kama kwa umri wewe ndiye mdogo, niambie, nitakushusha cheo.

Ndani ya sanduku hili kuna nyayo mbili za mpira, zote zimepasuka palepale, chini ya vidole. Mmoja ni wa mume wangu, mwingine wa mlinzi wa ghala la jirani. Ulisema picha hazitoshi, unataka kuushika mpira wenyewe. Basi ushike. Nimeona niweke na barua humu, maana simu yetu ile ilikuwa ya kusikia neno moja na kukisia matatu, na isitoshe mimi sipendi kuzungumza na mtu nisiyeona anavyokunja uso.

Maombi ya ruzuku aliyaandika mume wangu kwa lugha ya kuvaa tai. Acha mimi nikueleze kwa lugha ya kuvaa aproni. Karakana hii aliniachia baba yangu. Tunatengeneza miguu bandia kwa watu wasioweza kununua ya kutoka nje. Kikombe, yaani ile sehemu inayopokea kigutu cha mguu uliokatwa, nakitengeneza mwenyewe kwa plasta juu ya mwili wa mtu. Kikombe kinadumu. Mti wa mguu, ile nguzo ya kati, unadumu. Wayo ndio unaotuaibisha. Joto na lami vinautafuna, na kabla mwaka haujaisha mteja anarudi akichechemea, au harudi kabisa. Mwaka jana nilishaongea na mtu wa vyuma chakavu aje kuzipima mashine zangu. Ndipo mume wangu akasikia kuna ruzuku ndogo za kuunganisha biashara kama yangu na wanasayansi wa nchi nyingine, wafanye utafiti pamoja kwa mwaka mmoja. Akakutafuta wewe.

Yeye anafundisha shule ya msingi, na mtaa mzima unamwita Mwalimu, hata mimi, hata mama yake mzazi tunayeishi naye, ambaye sasa haoni. Kisukari kilimchukulia mguu wa kushoto chini ya goti. Huwaambia watu kwamba yeye ndiye mume pekee ambaye mke wake anamjua mpaka milimita.

Nyayo utakazotushauri tutazijaribu kwake na kwa mlinzi. Mlinzi analizunguka ghala mchana kutwa, na Mwalimu huenda shuleni na kurudi kwa miguu, mmoja wa Mungu na mmoja wangu.

Fundi


Maabara, 3 Machi

Dada Fundi,

Usinishushe, nimeshashuka. Tarehe zetu za kuzaliwa zipo kwenye mkataba, wewe ndiye mkubwa. Kiswahili changu kimeota kutu, miaka mingi nakitumia kwenye salamu tu, kwa hiyo naomba Mwalimu anisahihishe kwa kalamu nyekundu bila huruma.

Nimezikata nyayo zako vipande vyembamba na kuvitazama kwa hadubini. Ufa hauanzii nje kama tulivyodhani. Unaanzia ndani. Tanuri lako linapanda joto haraka mno, mpira unaiva juu na katikati unabaki mbichi, kama mkate uliotolewa jikoni kabla ya wakati wake. Pika kwa moto mdogo, kwa muda mrefu zaidi. Punguza salfa kidogo. Na hii chupa ya unga mweupe niliyoweka ni dawa ya kuzuia mpira usizeeke upesi. Changanya kama nilivyoandika kwenye lebo.

Maabara yangu iko chini ya ardhi, haina dirisha. Nina mashine inayokunja wayo na kuukunjua mchana kutwa, kana kwamba mtu anatembea. Wenzangu wameipa jina: Msafiri Asiyefika. Lakini mashine haitoki jasho, haikanyagi lami, haichoki ikaegemea upande mmoja. Ndiyo maana nawahitaji watembeaji wako. Kila mmoja avae wayo mpya kwa miezi mitatu, kisha unirudishie. Septemba Mfuko utatupima. Tukifaulu, kuna awamu ya pili, ndefu kuliko hii, na kalibu mpya za chuma za kuumbia nyayo kwa ajili yako.

Mtafiti


Karakana, 17 Juni

Kaka,

Fungua sanduku taratibu, kisha ukae chini.

Wayo wa mlinzi umepasuka. Sitakuficha, umepasuka palepale, ingawa ulivumilia zaidi ya ule wa kwanza. Lakini tazama wa Mwalimu. Mimi niliuvua mguuni mwake Jumapili, nikaupangusa vumbi, nikaukunja kwa mikono miwili mpaka misuli ikaniuma. Hakuna ufa. Hakuna hata mkwaruzo wa maana. Nilikaa sakafuni nimeupakata, mlinzi akapita dirishani akauliza kama nimezaa.

Kila asubuhi nasimama mlango wa karakana, ubavuni mwa nyumba yetu, nikimwangalia akienda. Hachechemei. Anakwenda ameinua kichwa kama mtu anayekagua gwaride, mpaka apinde kona ya kinyozi, ndipo narudi ndani kuwasha mashine. Nimeshamfunga wayo mwingine wa mchanganyiko uleule.

Jioni ndiyo anakuja amechoka. Anasema mitihani, madaftari ya kusahihisha yamejaa. Analala mapema, na siku hizi hataki nimkande kigutu kama zamani. Anasema fundi akishafunga karakana awe mke, asilete kazi nyumbani. Nimecheka. Ana haki.

Wateja wanne wapya wamekuja mwezi huu. Yule mtu wa vyuma chakavu nimemwambia akatafute msiba kwingine.

Fundi


Maabara, 5 Julai

Dada Fundi,

Nimepokea. Nimeuweka wayo wa Mwalimu mezani kwangu, na kila anayepita namlazimisha kuushika, hadi mkuu wa idara ambaye hajawahi kushuka huku chini.

Wa mlinzi usikuvunje moyo. Yeye anasimama kwenye madimbwi mvua ikinyesha, na maji yakipenya ndani mpira hulegea; hilo tutalishughulikia awamu ya pili. Wa Mwalimu ndio unaoonyesha mchanganyiko wetu unavyofanya kazi pakavu. Nimeshawaandikia Mfuko taarifa ya awali na picha nimeweka. Bado sijaukata. Naona huruma kuukata.

Mtafiti


Maabara, 12 Julai

Kwa Mwalimu, shuleni kwako

Samahani kwa kukuandikia shuleni badala ya nyumbani. Nina swali ambalo nimeona nikuulize wewe kwanza.

Jana niliamua kuukata wayo wako. Kabla ya kuukata niliuweka chini ya lenzi ili kuhakisha nimepiga picha kila upande. Kwenye soli bado kuna mistari midogo ya kalibu, ile inayobaki mpira unapotolewa kwenye chuma. Mistari hiyo hufutika siku chache tu mtu akianza kutembea. Kwako ipo, isipokuwa kidogo kisiginoni. Wayo huu umekaa kwako miezi mitatu.

Pengine dada alichanganya sanduku akanitumia wayo wa akiba. Pengine kuna jambo ambalo sijalielewa. Naomba unieleweshe.

Mtafiti


Shuleni, 30 Julai

Shemeji,

Mke wangu akikuita kaka, mimi sina budi kukuita shemeji. Nimeisahihisha barua yako kwanza, tabia haina dawa: ni "kuhakikisha", umemeza silabi. Hayo mengine ndiyo magumu.

Dada yako hakuchanganya sanduku. Umeona sawasawa. Wayo ule haukutembea.

Kila asubuhi naaga, natembea kutoka mlangoni mpaka kona ya kinyozi, kwa kuwa najua mke wangu amesimama ananiangalia. Nikishapinda, pikipiki inanisubiri. Darasani nafundisha nimekaa, mguu nimeuvua chini ya meza. Wanafunzi wanajua, wamenyamaza. Nilikuwa nadhani watoto ndio wasioweza kutunza siri.

Kigutu kina kidonda. Kilianza mwezi wa tatu, kabla sijafungwa wayo mpya, pale mfupa unapogusa ukingo wa kikombe. Kilikuwa kama kitufe cha shati. Sasa si kitufe tena, na sukari haikiruhusu kufunga. Nakisafisha mwenyewe kwa maji ya chumvi.

Utauliza kwa nini simwambii. Kikombe kile alikitengeneza yeye kwa mikono yake. Kosa si lake. Mimi ndiye niliyekonda, kigutu kimepungua na kikombe kimebaki vilevile. Lakini wewe humjui. Nilipokatwa mguu alijilaumu mwaka mzima kwa sukari aliyokuwa akinitilia kwenye chai, sukari niliyoiomba mwenyewe. Nikimwambia leo ataacha kila kitu, tanuri litapoa, na Mfuko utaambiwa kwamba mtembeaji wake hatembei. Juzi nilimsikia anaimba huku anakoroga mpira. Sijamsikia akiimba tangu baba yake afariki. Sitaki niwe mimi wa kumnyamazisha.

Nakuomba mpaka Septemba. Mfuko ukishajibu, siku hiyohiyo nakwenda hospitali na namwambia yote, anipige hata kwa mwiko wa plasta. Wewe andika ulichopima. Hukupima uongo. Ulipima mpira, na mpira haukupasuka.

Mwalimu


Maabara, 16 Agosti

Mwalimu,

Siku niliyoipata barua yako nilishika simu ili nipige karakana. Nikairudisha mezani.

Umekuwa mkweli kwangu, acha na mimi niwe mkweli kwako. Mkataba wangu hapa unaisha mwezi wa kumi na mbili. Awamu ya pili ndiyo kazi yangu. Isipokuwepo, maabara hii watapewa wengine. Kwa hiyo mtu unayemwomba anyamaze ana sababu zake mwenyewe za kunyamaza. Ulijue hilo kabla hujanishukuru.

Nimekubali, kwa sharti moja. Usingoje Septemba. Nenda kwa daktari wiki hii, hata kwa siri, hata kwa kusingizia mkutano wa walimu. Kidonda cha mwenye kisukari hakijui tarehe za Mfuko. Ukishakwenda, niandikie neno moja tu: "nimekwenda". Sihitaji zaidi.

Mtafiti


Karakana, 8 Septemba

Kaka,

Umekuwa kimya, nadhani na wewe unahesabu siku za Mfuko kama mimi. Humu nimeweka vipande vitatu vya mpira wa mchanganyiko mpya nilioujaribu mwenyewe, usinicheke.

Nyumbani tuna vita na panya. Kuna mmoja amekufia chumbani kwetu na hatumwoni. Harufu ilianza kama wiki mbili zilizopita. Nimehamisha kabati, nimetoa godoro juani, nimefagia mpaka chini ya mbao za mlango. Hakuna kitu. Mwalimu amenunua manukato, anapulizia chumba na kujipulizia mwenyewe, anasema ikishindikana kumpata panya basi tumzike kwa heshima. Ukiwa na dawa yoyote ya maabara, nitumie.

Yeye ana mafua yasiyokwisha. Jana alitetemeka mpaka nikamfunika mablanketi mawili, na asubuhi akaondoka kwenda kazini vilevile, hasikii la mtu. Nilimwangalia akienda. Alisimama mara moja kabla ya kona, akashika ukuta wa duka. Nilidhani anamsalimia mtu.

Mama mkwe naye amepoteza hamu ya kula. Nyumba nzima imekuwa nzito, labda ni hiyo harufu. Tukipata jibu zuri nitachinja kitu, tuchangamke.

Fundi


Maabara, 19 Septemba

Dada Fundi,

Barua yako imefika leo asubuhi. Nilipofika kwenye panya nikaacha kusoma, nikapiga simu karakana. Mlinzi ndiye aliyepokea. Amesema mlimpeleka Mwalimu hospitali kwa teksi siku tano zilizopita, na kwamba wewe hujarudi tangu hapo ila kubadili nguo. Nimepiga hospitali tatu nilizoweza kupata namba zake. Hakuna aliyeweza kuniambia kitu kwa kuwa mimi si ndugu.

Dada, si panya.

Nimeweka humu barua aliyoniandikia Mwalimu mwezi wa saba. Isome, usikie yeye mwenyewe anavyoeleza. Mimi nilijua tangu hapo. Nilimjibu kwamba nitanyamaza, nikamwomba aende kwa daktari. Nikangoja jibu lake mwezi mzima, na kila siku ambayo halikuja nilijiambia kwamba posta inachelewa. Haikuwa posta.

Ningeweza kukupigia. Nilikuwa na namba, nilikuwa na sauti. Nilikuwa pia na kazi ninayotaka kuilinda, na nimemwambia hivyo Mwalimu, kwa hiyo nakuambia na wewe. Naomba Mungu barua hii ikukute ukiwa na la kunitukana na yeye akiwa kando yako anacheka.

Mtafiti


Karakana, 28 Oktoba

Kwa Mtafiti,

Barua yako ilinikuta tumeshamzika.

Nilikuwa najua tayari. Aliniambia mwenyewe, siku ya pili hospitalini. Alisema, "Mguu wa shemeji ni mzuri sana, ila mimi sikuutembeza." Nikadhani ni homa inayoongea. Kisha daktari akafungua bandeji aliyokuwa amejifunga, wauguzi wakageuza nyuso. Daktari akaniuliza, "Wewe ni nani wake?" Nikasema mke. Akauliza, "Hukuwahi kukiona hiki? Unafanya kazi gani, mama, huwa hupo nyumbani?" Miguu ya watu mia ngapi nimeishika kwa mikono hii, nikapapasa kila mfupa, nikauliza hapa panauma, hapa je.

Walimkata juu ya goti. Damu ilikuwa imeshaharibika. Alizinduka kidogo, akaomba maji, akauliza kama Mfuko wamejibu. Nikamdanganya kwamba wamekubali. Alifurahi. Asubuhi hakuamka.

Wewe ulikuwa na mpira tu mkononi, ukaona. Mimi nilikuwa na mtu mzima nyumbani, sikuona. Sijui kati yetu nimkasirikie nani zaidi, lakini wewe uko mbali, kwa hiyo ni rahisi.

Barua yake niliisoma mara moja, nimesimama kwenye uzio wa hospitali nilikokwenda kuchukua nguo zake. Sijaweza kuirudia.

Ninataka vitu viwili. Cha kwanza, andikia Mfuko ukweli. Sema wayo wa Mwalimu haukutembea, na wa mlinzi, uliotembea, ulipasuka. Usinihurumie na usijihurumie. Sitaki watu wengine wauziwe mguu kwa ushahidi wa mtu aliyekaa.

Cha pili si changu. Ni cha mama mkwe. Nilimwambia kuna barua, kwa kuwa nimechoka na nyumba yenye mambo yaliyofunikwa. Anataka kuisikia. Mimi siwezi kumsomea. Majirani hataki. Amesema asomewe na yule aliyeandikiwa, kwani mwanawe alimchagua yeye kumwambia na kutuacha sisi. Kila siku ananiuliza kama umejibu. Mkataba ulisema kila upande utamtembelea mwenzake mara moja. Njoo au usije. Nimekufikishia.

Fundi


Maabara, 15 Novemba

Dada Fundi,

Nimewaandikia Mfuko siku niliyopata barua yako, neno kwa neno kama ulivyosema. Wamejibu kwa upole. Wanashukuru kwa uwazi wetu, wanatoa pole, na awamu ya pili hawatatupa. Fedha za safari zilizobaki zinaweza kutumika mpaka mwisho wa mwaka.

Hapa naanza kufungasha. Msafiri Asiyefika nimemzima jana.

Natua tarehe tano Desemba. Sitafikia kwenu, nimepata chumba karibu na stendi. Mwambie mama nakuja.

Mtafiti


Karakana, 20 Desemba

Kaka,

Nimerudi kukuita hivyo. Usilitafsiri neno zaidi ya lilivyo.

Siku ile ulipoingia ulikaa kwenye kiti cha Mwalimu bila kujua, nikaona nisikuinue. Mama alikupapasa mikono, akasema ni mikono laini, ya mtu anayeosha vyombo vya vioo. Ulitaka kucheka, ukaogopa. Ungecheka tu. Na yeye alikuwa anajaribu kutania.

Nilikupa barua nikabaki mlangoni na sinia la chai. Nashukuru kwamba uliisoma polepole. Ulipofika pale pa kuimba nilitoka nje, kisha nikarudi, maana nilitaka kusikia mama atasema nini juu ya mambo ya kona na pikipiki. Sikutegemea alichosema. Nakikumbuka chote, na wewe najua unakikumbuka.

Alisema, "Pikipiki niliisikia. Nakaa hapa kizingitini kila asubuhi. Hatua za mwanangu zinakwisha, pikipiki inawaka. Nilimuuliza siku moja, akanijibu ni ya mtu wa mikate. Nikaona nikubali. Mtu wa mikate hapiti huku, na mimi nalijua hilo."

Nikaliweka sinia chini. Wewe ulinitazama, nikaangalia pembeni.

Kisha akakuuliza, "Humo ndani alinitaja?"

Uliiangalia barua. Ukaigeuza upande wa pili, ukaileta karibu na macho kama mtu ambaye wino umemfifilia, ukasoma: "Mama aliniuliza, nikamdanganya. Asije akajilaumu, kwani aliuliza na mimi ndiye niliyekataa kusema." Mama akasema, "Ah." Akaomba apelekwe kitandani, na njiani alinishika mkono kwa nguvu ambazo sikujua bado anazo.

Ulipoondoka nikaichukua barua. Nilishasema niliisoma mara moja tu, nikadhani pengine machozi ya siku ile yalinirukisha mstari. Nimeisoma mbele na nyuma. Sentensi hiyo haimo. Kuhusu mama yake hakuandika hata neno.

Nimekaa na jambo hili tangu ulipopanda basi. Kwanza nilikuandikia barua nyingine, ya matusi, nikaichana. Nilikuwa nimekwambia humo kwamba mdomo wa kufunika mambo kwa wema ndio uliomzika mume wangu, na wewe umekuja kuuleta tena mpaka sebuleni kwangu, mbele yangu, baada ya yote. Bado naamini hivyo. Na mama naye nimemkasirikia. Alisikia asubuhi baada ya asubuhi, mimi nikiwa hatua chache tu, nimewasha mashine. Neno moja kwangu lingetosha. Nilipanga kumwambia hivyo. Nilipanga maneno kabisa.

Karakana ipo. Mashine ya kusagia nimeiuza, tanuri nimebaki nalo. Wateja wakija sasa nawaambia wavue kwanza nitazame, hata aliyekuja kununua kifungo tu cha mkanda wa mguu. Wengine wananuna. Wiki iliyopita mmoja nilimkuta na jeraha dogo, kama kitufe, nikafunga karakana nikampeleka hospitali mwenyewe, yeye akinigombeza njia nzima kwamba nimempotezea siku.

Jana mama ametoka kukaa kizingitini, mara ya kwanza tangu msiba. Nikampelekea uji. Akauliza kama nina nafasi, nimsomee ile barua, hasa pale mwisho anapotajwa. Nikafikiri, sasa ndiyo saa yenyewe. Nikaileta. Nikakaa naye chini, bega kwa bega, nikasoma tangu juu, shemeji, silabi, kona, pikipiki, kidonda, kuimba. Mpaka pale Mwalimu alipoweka jina lake, na baada ya jina karatasi ni nyeupe.

Alikuwa amegeuza sikio kwangu, anangoja.

Nikamsomea. Maneno yaleyale, kama ulivyoyasoma wewe.

Fundi